Siku Turbo Yangu Ilipochemka Ukweni

Chekeni sasa hivi tuyamalize, maana kila nikianza kusimulia jambo hili natamani kuishia katikati, na mke wangu akiwa karibu ndiyo kabisa, anakohoa kile kikohozi chake mpaka napoteza maneno. Aibu ni yangu mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Kwanza mjue nilikuwa nani. Nilikuwa nimerudi Tunduma kutoka Sauzi, nilikokwenda sina hata begi la maana, nikarudi na diploma ya umakanika wa magari (niliitia kwenye fremu, iko sebuleni mpaka leo) na gari la spoti, jekundu, milango miwili, injini ya turbo. Pale kwenye foleni ya malori ya mpakani, nikipita mimi madereva walikuwa wanashusha vioo watazame. Sijisifu, nasema kilichokuwepo.

Nikampenda Neema, mwalimu, kwao Mlowo, tukakubaliana, ikafika siku ya kupeleka posa. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, mtu wa maneno machache na kofia moja. Sasa kwetu kijana na mama mkwe wake hawaonani ovyo, hata baada ya ndoa mkikutana njiani yeye anapita huku na wewe kule, ndiyo heshima. Kwa hiyo mposaji anabaki nyumbani akisubiri majibu. Mimi nikajiuliza, nibaki nyumbani, halafu gari lile ukweni wataliona lini?

Nikamsumbua baba mdogo mpaka akachoka. "Haya, utaendesha," akasema. "Lakini tukifika hushuki. Mama yule akikuona leo, posa inarudi, na mimi sitakwenda tena kukusemea kwa mtu yeyote. Umenisikia?"

Nikamwambia nimesikia.

Zawadi ya mama mkwe ilikuwa kitenge nilichokifuata ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kizito, rangi ya chungwa, maua makubwa kama sahani. Baba mdogo alitaka kukiweka kwenye mfuko. Mimi nikaona kitakunjamana bure, tena magari ya sherehe si hufungwa vitambaa mbele? Nikakikunja mara mbili, nikakitandaza kwenye pua yote ya gari chini ya boneti, toka taa hii mpaka ile, nikakikaza kwa kamba kikawambika kama ngoma. Jamani, lilipendeza! Hata baba mdogo alilizunguka mara moja kabla hajaingia.

Tukaondoka. Barabara ile inapanda kwenda Vwawa, nami nikaikanyaga ili baba mdogo asikie turbo inavyopiga mluzi, na hatukuwa tumefika mbali nikaona mshale wa joto umeacha katikati unapanda. Nikapunguza mwendo, ukashuka kidogo, nikakanyaga, ukapanda. Mtu mwingine angesimama atazame. Mimi nikatoa jibu palepale, thamostati, kile kilango cha maji ya injini, imekwama, na dawa ya muda ni kufungulia hita ya ndani yote ili ivute joto la injini (na kweli inasaidia, hilo tulifundishwa), basi nikaifungulia, jua la mchana, sisi tumevaa suti.

Baba mdogo akavumilia kidogo. "Mwanangu, tunakwenda kuposa au unanikausha kama samaki?"

"Ni thamostati, baba. Ya kawaida tu."

"Sijauliza ni nini. Nimeuliza tutafika?"

Tulifika, tumelowa jasho. Nikaegesha uani, mbali kidogo na mlango, baba mdogo akajifuta uso na kofia, akaingia ndani kwa wazee, mimi nikabaki kwenye gari kama nilivyoahidi. Ila sikuzima injini. Gari la turbo lililotoka mbio halizimwi papo hapo, unaliacha lingurume kidogo oili iipoze turbo, na (niseme ukweli) nilitaka pia wasikie mngurumo. Kaka zake Neema wakasogea na majirani nyuma yao. Nikautazama mshale, haushuki, unazidi kupanda mpaka kwenye nyekundu, na mimi siwezi kukaa, siwezi kushuka, mle ndani najadiliwa mimi. Nikashuka.

Nikafungua boneti, na kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, nikageuka mwalimu. Nikawaonyesha mkanda, mzima. Feni, inazunguka. Nikagusa mpira wa juu wa rejeta, lile tangi la kupozea maji pale mbele, wa moto, nikagusa wa chini, wa moto vilevile, maana yake maji yanapita, thamostati haina kosa (hapo nilijikosoa mwenyewe na sikuona haya). Nikaubonyeza mpira, mgumu kama gogo. "Mnaona?" nikasema. "Gesi ya injini inaingia kwenye maji. Gasketi ya silinda hedi imekufa hii."

"Shemeji, si uzime kwanza?" kaka mkubwa akauliza.

"Ukizima hutaona mapovu. Nafungua hapa, mapovu yakitoka, ugonjwa tumeushika."

"Hicho kifuniko si cha moto?"

"Shemeji, mimi nina diploma ya kitu hiki."

Hayo yalikuwa maneno yangu ya mwisho nikiwa mtu mwenye suruali. Nikajizungushia leso mkononi (somo la kwanza kabisa darasani lilikuwa usifungue rejeta ya moto, nililipata vizuri sana kwenye mtihani), nikakizungusha kifuniko, kikaruka na kishindo cha tairi la lori likipasuka, maji ya kijani yakanimwagikia toka tumboni mpaka magotini. Ngozi ilipona, lakini wakati ule sikujua kama itapona, nilichojua ni kwamba suruali inaniunguza, nikaivua. Nikaivua uani, ukweni, nikirukaruka, mvuke umefunika kila kitu.

Mvuke ukaondoka. Mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe, amekimbilia kile kishindo, na nyuma yake shangazi yake Neema, na nyuma ya shangazi, baba mdogo ameshika kofia. Tukatazamana, mama na mimi, macho kwa macho. Nikanyoosha mkono kwenye kitu cha karibu, nikakivuta kwa nguvu mpaka kamba zikakatika, nikajifunga kiunoni.

Kilikuwa cha moto kama kimetoka kwenye pasi.

Hapo ndipo nikajua. Kile kitenge nilichokikunja mara mbili kilikuwa kimeziba upepo wote tangu Tunduma, rejeta ilikuwa inakosa pumzi, hakuna gasketi iliyokufa, na aliyeiziba ni mwenye diploma. Nikasimama pale, nimevaa zawadi ya mama mkwe mbele ya mama mkwe.

Yeye alikuwa ameshageuka ukutani. Kusema na mimi hawezi, akasema na shangazi, kwa sauti ya kufika barabarani: "Wifi, mwulize huyo mgeni, kile kitenge alichovaa ndicho nilicholetewa?"

Shangazi akaniuliza, uso umemkaza kwa kicheko. Nikajibu ndicho.

"Mwambie basi akae nacho. Na alipe mbuzi wa kunifunika macho, ndipo barua yake ya posa tuisome."

Baba mdogo akashusha pumzi nikaisikia. Barua ingesomwa.

Gari likapoa, kaka zake Neema wakajaza maji, tukarudi, mshale umelala katikati njia nzima. Karibu na Vwawa baba mdogo akauliza, bila kunitazama, "Silinda hedi imepona?"

Mbuzi nilipeleka, Neema nikaozwa, kwa sharti kwamba siku ya harusi lile gari lisionekane Mlowo, na bwana harusi nilifika kwenye pikapu ya mahindi. Tangu hapo sijafunga hata utepe mbele ya gari. Kitenge kile Neema alikichukua, akambebea mtoto wetu wa kwanza, na wa pili, na mpaka leo wageni wakija, nikianza kuwaelekeza kwenye fremu pale ukutani, yeye anaingia chumbani, anatoka amekivaa, anakohoa.