Kijani Mpaka Hallunda

Miaka ile kazi yangu, katika ofisi moja ya Kista, ilikuwa kupima jinsi sehemu za Stockholm zinavyofikika kwa treni na basi. Unachagua kituo, kompyuta inatafuta njia ya kwenda vituo vingine vyote, kisha inapaka rangi: kijani ni karibu, njano ni wastani, nyekundu ni mbali. Nilijivunia sana ramani zile. Mama, aliyekuwa akiishi nami Jakobsberg, aliiona moja mezani akaniuliza kijani maana yake nini.

"Ni mahali unapoweza kufika kutoka hapa bila taabu," nikamwambia.

Akaweka kidole Hallunda, upande wa pili wa mji. Palikuwa kijani.

"Basi nipeleke."

Hallunda ndiko alikokuwa rafiki yake wa pekee katika nchi ile, mama wa Kikongo kutoka Uvira. Walikutana kanisani tulipokuwa bado tukiishi huko, kabla kazi haijatuhamisha. Mama ni mtu wa Kigoma, kwa hiyo wote wawili walikulia kando ya ziwa moja, na wakianza habari za migebuka, samaki wa ziwa lile, huwezi kuwanyamazisha. Majira yale ya baridi rafiki yake alikuwa na saratani. Alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka hospitali, na kila mtu alijua amerudishwa kufanya nini. Mama alitaka kumwona angali anamtambua.

Jumamosi tukatoka, yeye na magoti yake mabovu na mkongojo. Treni ya kwanza haikutusumbua. Tatizo lilikuwa katikati ya mji, pale pa kubadilishia: lifti ilikuwa mbovu, imebandikwa karatasi ya kuomba radhi. Zilibaki ngazi za umeme, ndefu, zinashuka hadi huoni mwisho wake. Mama akasimama pale juu, akanyanyua mguu, akaurudisha. Akanyanyua tena. Watu wakawa wanatupita kwa ile adabu yao, ursäkta, ursäkta, samahani, samahani, bila kututazama usoni. Nilitamani kumpiga mtu.

"Turudi, baba," akasema. "Mguu umekataa."

Kwenye hesabu zetu za ofisini, kubadilisha treni kulikuwa dakika chache za kutembea, sawa kwa kila mtu. Jumatatu nikaingiza mwendo wa mama na kuziondoa zile ngazi. Hallunda haikugeuka nyekundu kama nilivyotegemea. Ilikosa rangi kabisa, ikabaki nyeupe kama mahali pasipokaa watu. Bosi wangu akaitazama, akasema kwa upole kwamba sisi tunampima msafiri wa kawaida. Alikuwa mtu mwema, na bado nilimchukia.

Nikawapigia simu watu wa kanisa wenye magari.

"Ndugu yangu, niko na kazi wikendi yote," alisema mmoja.

"Tutaona, Mungu akipenda," alisema mwingine.

Teksi mama hakutaka hata kuisikia bei yake. Usafiri wa manispaa kwa wasiojiweza tuliuomba, tukaambiwa tusubiri jibu, tukasubiri. Wale wawili wakawa wanazungumza kwa simu, mpaka ikafika siku rafiki yake anapumua tu upande wa pili na mama anaongea peke yake.

Alifariki Alhamisi asubuhi. Kabla ya mchana simu yangu ilikuwa haitulii. Walikuwa watu walewale, wote wanauliza: mama anakwenda na nani msibani? Mmoja alikuwa ameshaomba ruhusa kazini, mwingine ameazima gari kubwa la shemeji yake. Kwetu msiba haukosi watu. Jioni magari matatu yalikuwa yananguruma chini ya jengo letu, na wenyewe wanabishana kwa heshima nani ambebe.

Mama alikuwa ameshajifunga kanga, amesimama dirishani na mkongojo wake. Akayatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe magari yapo," akasema, akaketi avae viatu.