Mlio wa Pedeli Wanaotaka Kuufuta

Umeucheza wimbo ule, usikatae. Umeucheza harusini kwako, na ukaucheza tena mwanao alipomaliza shule. Miaka arobaini na minne hukuwahi kuuliza nani anapiga ngoma. Uliuliza habari za mwimbaji, suti zake na gari lake. Mpigaji ulimpa kisogo.

Basi leo mtazame.

Saa mbili asubuhi anaketi kwenye cherehani ya miguu, mlangoni mwa kibanda cha kushonea makochi, pini tatu mdomoni. Ana miaka sabini na mmoja. Mtaa mzima unamwita Mama Pedeli, na wengi wanadhani jina limetokana na cherehani hiyo. Mguu wake wa kulia unakanyaga. Mara nyingine unakanyaga tu, na chini ya sindano hakuna kitambaa.

"Unashona hewa tena," seremala jirani anamtania, akiburuta fremu ya kochi.

"Nashona mdomo wako. Leta hilo kochi, na safari hii miguu iwe sawa. Mteja si bata."

Zamani, katika bendi za mji huu, dramu kubwa ilikuwa na mtu wake, kasimama na rungu. Mama Pedeli, binti wa fundi cherehani, alirithi mashine mbovu ya baba yake. Akang'oa pedeli, akaifunga nyundo ya mti iliyoviringishwa blanketi, akaiegesha kwenye dramu. Mguu ukapiga dramu kubwa, mikono ikabaki huru kwa ngoma ndogo. Haukupita mwaka, bendi zote zikawa zinawinda cherehani mbovu.

"Mwenye rungu alininunia miezi sita," anasema. "Halafu akaja kwa upole, dada, nifundishe. Nikamfundisha. Ningemfanyaje?"

Siku ya kurekodi wimbo ule, ngoma zilikuwa na ngozi mpya.

"Mafuta yakigusa ngozi, ngozi inalala, haisemi tena. Kwa hiyo nikaipangusa pedeli. Nikapangusa, nikapangusa, kumbe nimeikausha koo."

Studioni pedeli ikalia. Kii, dramu. Kii, dramu. Kanda ilikuwa hiyo hiyo moja, hapakuwa na kurudia. Kiongozi wa bendi alimfokea mbele ya wenzake, naye akaenda kulia kwenye korido. Santuri ilipotoka, jalada lilikuwa na jina la kiongozi na maneno mawili: "na wenzake". Mama Pedeli ndiye huyo wenzake. Alipojifungua, nafasi yake ikapewa mwingine, naye akarudi kwenye makochi.

Tangu hapo, redio ikiupiga wimbo huo, anaweka mkasi chini. Mwimbaji hamsikilizi. Anangoja ile kii.

"Nikiisikia najua nilikuwepo," anasema. "Nyumbani sina hata picha."

Jumamosi hii ukumbi wa mji unawaenzi waasisi wa ngoma. Ngao ya aliyebuni dramu ya mguu inakwenda kwa familia ya kiongozi yule, marehemu sasa. Wimbo utapigwa ukiwa umesafishwa. Redio inasafisha kanda zake zote, na Ijumaa zile za zamani zinafutwa.

Wiki iliyopita binti yake, mwalimu wa hesabu, alimpeleka redioni. Mtunza kanda aliwapokea vizuri, akawawekea wimbo ule uliosafishwa.

"Ule mkwaruzo ulikuwa uchafu, mama. Tumeutoa."

"Mwanangu, ule si uchafu. Ule ni mguu wangu."

"Una karatasi yoyote inayoonyesha?"

Mama Pedeli akavua kiatu. Akakanyaga sakafu, na kila palipofutwa mlio akautia kwa mdomo. Kii. Kii. Wimbo mzima, bila kukosa hata mahali pamoja. Mtunza kanda akavua visikilizio vyake.

"Mimi nimekuamini," akasema. "Lakini wakubwa hawatanisikiliza mimi. Wakija watu na santuri zao, wakasema wanautaka wimbo kama ulivyokuwa, kanda hiyo haitafutwa."

Ngao haitaki. "Nitaiweka wapi, juu ya makochi ya watu?" Anachotamani ni kukaa ukumbini Jumamosi, pedeli ilie mbele ya halaiki, watu wageuke waulizane ni nini hicho, halafu binti yake ajibu: "Ni mama."

Zimebaki siku tatu. Santuri unayo, iko juu ya kabati, chini ya mashuka. Ishushe sasa hivi. Ifute vumbi, iweke, usikilize kabla ya kila pigo la dramu kubwa. Ukishausikia mlio wake, ibebe uipeleke redioni kabla ya Ijumaa, ukawaambie waurudishe. Usimtume mtu. Uliyecheza ni wewe, nenda mwenyewe.