Utani Uliosomwa Kikaoni

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Kahama. Kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu jambo lile lile: kabla hujajibu swali la ufahamu, jiulize nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na nini kimetangulia. Watoto wa kidato cha kwanza hulielewa hilo kabla kengele haijalia. Watu wazima wenye vyeo vyao, waliokaa nyuma ya meza yenye kitambaa na chupa za maji, hawakulielewa. Au walielewa wakakataa kuelewa, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Babu yetu mzaa baba alilima tumbaku Ushetu na kufuga ng'ombe. Sisi wajukuu wa kike alituita wake zake. Ndivyo ilivyo kwetu Wasukuma: mjukuu wa kike ni mke wa babu, na bibi ni mke mwenzake. Ukiingia uani, bibi anakupokea kwa maneno: "Umekuja tena, mwizi wa mume?" Nawe unamjibu kwamba yeye kazeeka, afungashe virago arudi kwao. Kisha mnakaa chini mnakula michembe, vile viazi vitamu vikavu, kwa karanga kutoka bakuli moja, mnaulizana habari za mvua. Nimekua nikitukanwa hivyo, na sijawahi kupendwa na mtu kuliko nilivyopendwa katika ule uwanja.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mke kipenzi. Ni muuguzi, na wakati huo alikuwa kwenye kituo cha afya upande wa Geita, amepanga chumba Kalangalala. Babu alipozidiwa na kifua, baba mdogo alimpakia kwenye gari akampeleka huko huko. Njia ni ndefu, na hospitali za karibu zipo, ila kwetu mgonjwa hupelekwa alipo mtu wake. Mdogo wangu alimwogesha, akamlisha, akabishana naye kuhusu vidonge. Babu alifariki alfajiri, siku ambayo mdogo wangu hakuwa zamu. Alikuja na chupa ya uji akakuta shuka limevutwa mpaka kichwani.

Tuna grupu la ukoo kwenye simu. Habari ilipoingia, mashangazi waliandika vilio vyao, wajomba wakaandika pole, halafu grupu zima likawa vikatuni vya machozi tu, mstari baada ya mstari. Wakati huo bibi alikuwa Ushetu, amekaa ukutani, hajasema neno wala kutoa chozi. Baba mdogo, aliyekuwa amesharudi huko, aliandika kwamba anamwogopa alivyokauka.

Hapo nieleze, maana msomaji wa mbali anaweza kuingia shimo lile lile waliloingia wengine. Mjukuu kwetu halii msibani kama watoto wa marehemu wanavyolia. Kazi yake ni kumtania marehemu. Anavaa koti lake, anaigiza mwendo wake, anamtangaza kuwa bahili, mlevi, mwizi wa kuku. Watoto wa marehemu wamelemewa, hawawezi hata kumeza mate, na mjukuu ndiye anayewafungulia pumzi. Mjukuu anayekaa kimya huulizwa kama kweli alimpenda marehemu.

Basi mdogo wangu, amesimama nje ya wodi na chupa yake ya uji, akaandika: "Poleni wafiwa. Yule mzee bahili nimemmaliza mwenyewe kwa mkono wangu, nilichoka kumngoja. Mke mkubwa atafute mume mwingine. Ng'ombe wote nabaki nao mimi."

Baba mdogo alimsomea bibi. Bibi hajui kuandika, lakini alishika simu akatuma sauti, nami bado naikumbuka: "We mwizi. Umeniibia mume akiwa hai, sasa umemuua na hata kofia hunirudishii. Mlete huyo guku wako, huyo babu yako, hapa, nikuone uso." Akacheka. Kile kicheko kikakatika katikati, akaanza kulia, na mashangazi wakasikika nyuma yake wakilia naye. Baba mdogo aliandika neno moja tu, wabeja, yaani asante.

Tulimzika babu vizuri. Mimi nilivaa koti lake, mdogo wangu akashika fimbo akapinda mgongo akifokea ng'ombe wasiokuwepo, na watu walicheka mpaka wakashika matumbo, machozi yakiwatoka.

Mume wa binamu yetu mmoja ni mtu mchangamfu aliyezaliwa mjini. Yeye naye yumo kwenye grupu. Ule ujumbe ulimfurahisha, akaupiga picha peke yake, bila vilio vilivyoutangulia na bila sauti ya bibi iliyoufuata, akauweka kwenye stetasi yake ili marafiki wacheke kidogo. Namchukia? Nilimchukia kwa muda. Lakini yeye angalau alikuwa anacheka kwa sababu sahihi.

Picha ilitoka kwake ikaenda kwa watu wasiotujua, na huko ikavalishwa maneno mapya juu yake: muuguzi akiri kuua mgonjwa. Kwenye machimbo ya Geita habari ya namna hiyo haihitaji kusukumwa. Kulikuwa na watu waliofiwa kwenye kituo kile, waliosubiri dawa ambazo hazikuwepo, na machungu yao yalikuwa ya kweli. Walikuwa wakitafuta mtu wa kumshika, wakaletewa picha yenye jina la mdogo wangu juu. Ndani ya siku chache watu walijaa getini, na mdogo wangu akapewa barua ya kukaa nyumbani hadi aitwe mbele ya kikao cha nidhamu. Kazi aliyoisomea, mshahara uliowalipia ada wadogo zetu, jina lake, vyote vikaning'inia kwenye mistari mitatu ya utani.

Kwenye kikao aliruhusiwa kuja na shahidi mmoja. Nilikwenda mimi. Niliingia na simu yangu mkononi, grupu zima liko humo, kuanzia kilio cha kwanza. Nilikuwa na uhakika tutamaliza upesi, wasome, wacheke, watuombe radhi, twende zetu. Nilikuwa mjinga.

Mwenyekiti alikuwa mzee wa makamo, Msukuma mwenzetu, unamsikia kwenye kila neno anapotamka. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa upole kabisa, akauliza habari za nyumbani. Halafu akavaa miwani, akachukua karatasi waliyochapia ile picha, na sauti yake ikabadilika. Akausoma ujumbe wa mdogo wangu kwa sauti ya hakimu. Nimemmaliza. Mwenyewe. Kwa mkono wangu. Alituliza pumzi baada ya kila neno. Katika ile sauti hata mimi niliyekuwepo nilihisi baridi, na nikaona jinsi mtu anavyoweza kuuawa kwa kusomwa vibaya.

"Umeandika au hukuandika?" akamuuliza.

"Nimeandika, mzee," mdogo wangu akasema. "Lakini nilikuwa namwandikia bibi."

"Swali halikuwa ulimwandikia nani."

Nikainua mkono. Nikasema, mzee, naomba nisome yaliyotangulia na yaliyofuata, ni mafupi. Akaniambia kikao kimeitishwa kujadili ujumbe huu, si mazungumzo ya familia. Nikamwambia ujumbe huu ni mazungumzo ya familia. Mama mmoja kwenye meza akaandika kitu bila kuniangalia.

Mganga mfawidhi wa kituo, Mungu ambariki, alisema wazi kwamba mzee alikufa kwa mapafu na kwamba muuguzi hakuwa zamu usiku ule. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. "Hilo la kuua tunaliweka pembeni," akasema. "Hakuna hapa anayeamini kwamba binti ameua. Tunabaki na lugha yake."

Hakuna anayeamini. Sasa tuko pale kwa nini? Hasira zilinipanda mpaka nikasahau adabu niliyolelewa nayo. Nikamuuliza, "Mzee wangu, babu yako alipozikwa, wajukuu mlifanya nini?"

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akavua miwani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kusoma uso wake ukalegea. Akatabasamu. "Mimi mwenyewe niliingia kaburini nikalala," akasema. "Nikawaambia hashuki mtu hapa, hiki ni kitanda changu. Walinitoa kwa kunilipa jogoo." Wenzake wawili wakacheka. Yule mama aliyekuwa akiandika akaweka kalamu chini, akasema kwao wajukuu walimwibia marehemu viatu.

Nikasema, basi mnajua.

"Tunajua," mwenyekiti akajibu, akarudisha miwani. "Lakini mimi sikuandika."

Nimeishi na hayo maneno matatu kuliko nilivyoishi na aya yoyote niliyowahi kufundisha. Mtu anayejua kila kitu kuhusu jambo, aliyelitenda kwa mwili wake, akiletewa kwenye karatasi anajifanya mgeni. Kama ni ujinga ningeusamehe. Nalipwa kusamehe ujinga, ndiyo kazi yangu. Hawa hawakukosa muktadha, waliuvua wenyewe mlangoni kama viatu, wakaona ndiyo heshima ya ofisi. Na wakishamaliza kumwadhibu binti wa watu, wanauvaa tena, wanarudi nyumbani kwenda kuitwa wezi na wajukuu wao.

Uamuzi ulikuja baadaye: hana kosa la kifo, ana kosa la lugha isiyo na staha kwa taaluma yake. Onyo, na uhamisho kwenda zahanati ya mbali. Watu wakatuambia tumshukuru Mungu, kazi imebaki. Mimi sikumshukuru mtu. Ile picha ilihama naye. Nilimtembelea kule zahanati nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, nikaona kwa macho yangu mama mmoja, alipomwona ni nani mwenye sindano, akamfunga mwanawe mgongoni na kuondoka. Mdogo wangu alirudisha sindano kwenye sinia, akasema, "Anayefuata." Nikatamani kumkimbilia yule mama nimsomee grupu zima pale njiani, toka kilio cha kwanza. Mdogo wangu akaniambia nikae. Akasema hata nikisoma, watasema nimetunga.

Hakutuliza hasira yangu. Lakini alitulia yeye, na ndicho kilichonitisha. Kwenye grupu akaanza kuandika "Amina" na "Poleni sana" na "Hongera" kama mtu anayejaza nafasi. Binamu zetu nao wakaacha mzaha. Kila mtu alipima neno lake kwa jicho la mtu asiyekuwepo.

Msimu uliopita wa masika bibi akafariki, nyumbani kwake Ushetu. Alikufa amelala, uzee tu. Tukakusanyika wote. Jeneza likatolewa uani, watu wakasogea, na palipofika mahali petu, pa wajukuu, hakuna aliyesogea. Mimi nilimtazama mdogo wangu kwa sababu zamu ni yake, marehemu alikuwa mke mwenzake, ni yeye wa kumwambia haya umeniachia nyumba, umeniachia shamba, umemfuata mume wangu huko aliko. Nilijua anayo maneno. Nilimwona akisogea, akaweka kiganja juu ya jeneza, akafungua mdomo.

Halafu akainua macho. Pande zote kulikuwa na simu zimeinuliwa, vijana wa jirani, wageni, hata jamaa zetu, wanarekodi kama watu wanavyorekodi kila kitu siku hizi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Akazitazama moja baada ya nyingine, akafunga mdomo.

"Pumzika kwa amani, bibi yetu mpendwa," akasema, kwa sauti ya matangazo ya vifo redioni, akarudi nyuma.

Wajukuu wengine wakasema vile vile, mmoja mmoja, kwa staha kubwa. Hakuna aliyevaa kanga ya bibi. Hakuna aliyecheka. Baba mdogo, mwanawe wa mwisho, alikuwa amesimama mbele ya kaburi amekauka, midomo imempasuka, akitusubiri. Alitusubiri mpaka jeneza likashuka na udongo ukaanza kumwagwa. Kisha akanigeukia mimi, mkubwa wa wajukuu, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna simu ingeinasa: mama yangu amewakosea nini, mbona mnamzika kama mtu baki?