Anayeuza Woga Malaba Bila Kupiga Nduru

Saa tatu asubuhi soko la Malaba limeshachangamka kweli kweli. Madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao za forodha wanabishania bei ya kuku. Akina mama waliovuka kutoka upande wa Uganda wanachagua sabuni na chumvi. Kando ya barabara, juu ya pikapu kuukuu yenye spika mbili, amesimama mwanamke mrefu aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani. Ameshika kipaza sauti, na hasemi kitu.

Anawatazama tu. Walio karibu naye wananyamaza kwanza, maana mtu aliyeshika kipaza sauti halafu akakaa kimya hutia wasiwasi. Kisha spika zinatoa mlio wa kidole kinachogonga ubao, polepole, kama mtu asiye na haraka.

"Hodi," anasema mwanamke yule, kwa sauti ndogo ya mgeni mwenye haya.

"Karibu!" soko zima linaitikia. Nani asiyeitikia hodi? Hata muuza kuku, aliyekuwa katikati ya matusi, anayakatisha ili aitikie.

Mwanamke anawaacha hapo kidogo. Upepo unasikika ndani ya spika.

"Asanteni," anasema. "Mmenikaribisha wenyewe."

Watu wanageuka kutazama nyuma yao. Halafu mama mmoja mwenye furushi la sabuni anapiga kelele kwa Kiganda, "Bannange!" na kumrukia mwenzake, na soko linaangua kicheko kile cha watu walioogopa wakaona aibu. Vijana wanaikimbilia pikapu. Mwanamke sasa anafungulia sauti yake yote:

"Saa tisa alasiri, kwa Mzee Bashir, ghala la pamba! *Mgeni wa Chumba cha Nyuma!* Mwenye ugonjwa wa moyo asije! Mama mjamzito asije! Mwanaume anayejiona shujaa aje, lakini aje na bibi yake wa kumshika mkono! Mlango ukifungwa haufunguliwi mpaka mwisho!"

Jina lake ni Atyang. Ana umri wa miaka thelathini na nne, ni mzaliwa wa Adungosi, na wengi humwita Mama Odeke kwa jina la mwanawe. Kazi yake ni kutangaza sinema za kutisha. Huenda ndiye mwanamke pekee mpakani hapa anayelipwa kwa kuwatia watu woga, ukiwaacha kando mama wakwe, ambao hufanya kazi hiyo bure.

Leo ana woga wake mwenyewe. Ng'ambo ya barabara, kwenye hoteli ya chai, ameketi Chifu Egwang wa kwao, kofia yake rasmi juu ya meza. Ametoka Adungosi kwa baiskeli asubuhi yote kwa sababu moja tu, kuhakikisha kwamba Atyang hapigi nduru. Na Mzee Bashir, mwenye ukumbi na mwenye pikapu, amemwambia waziwazi kwamba ghala lisipojaa leo atarudi kuonyesha picha za ngumi peke yake.

"Picha ya ngumi haihitaji mtangazaji," anasema Atyang akishuka kwenye gari. "Unaweka tu spika nje, watu wanasikia vile wanaume wanapigana, wanaingia. Mimi nitarudi kuuza njugu."

Njugu ndizo zilizomleta kwenye sinema. Alikuwa akipita katikati ya viti na sinia lake, akipata shilingi nne kwa siku njema. Siku moja Bashir alionyesha picha ya maiti aliyefufuka, na Atyang, ambaye hakuwa amewahi kutazama sinema ya namna hiyo, alimwaga sinia na kupiga ukelele uliovuka barabara. Watu wakaja kuchungulia. Waliochungulia wakalipa kiingilio.

"Nikasema, huyu mama ni tangazo," anakumbuka Bashir, mtu mnene mwepesi wa kucheka, ambaye babu yake alikuja Busia kuuza nguo. "Nikamlipia njugu zote zilizomwagika. Kesho yake nikamweka juu ya gari."

Sasa analipwa shilingi kumi na tano kwa kila siku ya kutangaza. Picha zinakuja kwa basi kutoka Kisumu, ndani ya makopo ya bati, mara nyingi bila karatasi ya matangazo. Hapo yeye na Omoding, mchoraji wa mabango, hukaa chini na kuulizana watu wa hapa watajuaje kwamba picha hii ni ya kutisha na si ya mapenzi.

Kuna mambo ambayo hayakosekani kwenye mabango ya picha hizi popote yanapochorwa, na Omoding ameyajua kwa kuyatazama yaliyotoka mjini. Nyuma pawe peusi. Pawe na mwezi. Herufi ziwe nyekundu na zichuruzike kama damu. Bango lake la kwanza la namna hiyo lilimletea aibu, maana mwenye duka jirani alimwita kando akamshauri kwa upole asitie mafuta mengi kwenye rangi, ona inavyotiririka. Siku hizi kila mtu anaelewa. Rangi ikichuruzika, hata mtoto anajua kuna mtu atakufa.

Jambo ambalo halikueleweka ni ngome.

"Mimi nilichora ile nyumba ya mawe juu ya mlima, na popo," anasema Omoding. "Mama Odeke akaniuliza, hii nyumba ni ya nani? Nikamwambia ni ya shetani. Akasema watu wataona tu ni ya tajiri."

Walibishana mchana kutwa. Mwishowe Omoding alichora mlango wa mbao, wa kawaida kabisa, kwenye ukuta wa udongo, mlango kama wa nyumba yoyote kutoka hapa mpaka Moding. Umefunguka upana wa kiganja. Ndani ni giza, na kwenye ukingo wake kuna vidole vinne vyeupe. Basi. Bango hilo lipo leo mbele ya ghala, na akina mama wanaopita na mitungi wanahamia upande wa pili wa barabara, kisha wanageuza shingo kulitazama tena.

"Usimwonyeshe mtu lile jitu," anasema Atyang. "Akishajua lina pembe ngapi, kwa nini alipe shilingi mbili?"

Lakini kabla ya mlango na kabla ya hodi, kulikuwa na ukelele. Ndio uliomharibia.

Miezi miwili iliyopita, siku ya soko Adungosi, pikapu iliegeshwa nyuma ya vibanda. Atyang alitaka kuanza kama picha zenyewe zinavyoanza, na mwanamke anayepiga kelele gizani. Hakusema jambo lolote kwanza. Aliwasha spika na kupiga nduru kwa nguvu zake zote.

Adungosi nzima ikaja. Watu walitupa majembe, wakaacha pombe kwenye chungu, wakaja na fimbo, mapanga na mikuki. Mtu wa baiskeli aliingia mtaroni na mzigo wake wa mihogo. Waliuliza mwizi yuko wapi, moto uko wapi, na walipoambiwa ni sinema hawakucheka hata kidogo. Mzee mmoja aliichoma spika kwa mkuki, na tundu lake lipo mpaka leo, ndiyo maana spika ya kushoto inakoroma.

Chifu Egwang aliamua kesi hiyo siku ileile. "Nduru ni ya moto, mwizi na kifo," alimwambia mbele ya watu. "Si ya biashara. Ukiipiga tena kwa hiyo mashine, nitakufunga."

Atyang alipokea hukumu bila ubishi. Kilichomkata maini si maneno ya chifu. Ni ya jirani yake, Mzee Aluka.

Odeke alipokuwa mchanga, paa la nyasi la nyumba ya Atyang lilishika moto, na yeye akapiga nduru. Watu walikuja na mitungi ya maji, wengine na mikono mitupu. Aliyeingia ndani akamtoa mtoto alikuwa Aluka, na alama za moto huo ziko mikononi mwake. Siku ya soko lile, Aluka alikuja mbio pia, mzee wa watu, akihema, jembe begani.

"Aliniangalia tu," anasema Atyang, na hapa sauti yake kubwa inapungua. "Akasema, 'Basi siku nyumba yako itaungua tena, tutasema ni sinema.' Akaenda. Tangu hiyo siku nikipita kwake nikisema hodi, hajibu. Na yuko ndani, namsikia akikohoa."

Ni hiyo hodi isiyojibiwa iliyompa wazo. Alikaa nyumbani akifikiri jinsi neno dogo namna hiyo, likikosa jibu, linavyoweza kumtetemesha mtu mzima. Akageuza. Je, neno hilo likijibiwa, kumbe aliyepiga hodi si mtu?

"Nikamwambia Mzee Bashir, nimepata. Hakuna nduru. Ni hodi tu."

"Mimi nikaona mama amechanganyikiwa," anasema Bashir. "Hodi? Hodi ni ya mtu anakuja kuomba chumvi."

Saa nane na nusu Bashir amesimama mlangoni pa ghala, hapo hapo kando ya soko, mdomo wazi. Foleni imezunguka ukuta. Kuna madereva, kuna walimu, kuna wakulima waliokuja kuuza mtama wakasahau kurudi. Vijana wanagongana mabega, mmoja ananong'ona "hodi" kwenye sikio la mwenzake, na mwenzake anaruka. Yule mama aliyepiga kelele asubuhi yupo mstari wa mbele, sabuni zake kwapani. Ninamuuliza kama haogopi.

"Naogopa sana," anajibu kwa furaha, kisha anatazama upande wa mpaka alikotoka. "Lakini hii woga ni nzuri, ssebo. Ya kulipia inaisha saa kumi na moja."

Saa tisa, mlango unafungwa. Madirisha yamezibwa kwa magunia ya pamba. Bashir anawasha mashine, na Atyang anabaki nje, mgongo kwenye mlango usifunguliwe, kama alivyoahidi sokoni. Ng'ambo, Chifu Egwang ameagiza chai nyingine. Wanatazamana kwa muda mrefu, barabara ikiwa katikati yao.

Kwa kitambo hakuna kitu. Muziki wa chini chini, basi. Atyang anauma kona ya kitambaa chake. "Hawaogopi," ananiambia. "Mungu wangu, wamelala."

Na hapo ndipo inapotokea. Kutoka ndani ya ghala, watu wote kwa pamoja wanapiga nduru, wanaume kwa wanawake, nduru ya kweli isiyofundishwa na mtu. Mabati yanalia. Kuku wa dereva fulani wanakata kamba.

Chifu Egwang ameshavuka barabara. Meza imeanguka nyuma yake, kofia imebaki kwenye vumbi, mkononi ana kifimbo chake cha uchifu, na mtu wa umri wake hakimbii hivyo ila kwa kuokoa roho ya mtu. Nyuma yake anakuja mpishi wa hoteli na mwiko, na wachuuzi wawili.

"Nani amepiga nduru?" anauliza, akitweta.

"Si mimi, mzee," anasema Atyang. "Ni watu wako."

"Fungua!"

"Haufunguliwi mpaka mwisho, mzee. Umenisikia nikitangaza asubuhi."

Chifu hamsikilizi. Anampita, anapiga mlango kwa kifimbo, na kwa sauti nzito ya serikali anaita, "Hodi! Hodi humo ndani!"

Ndani panakuwa kimya kabisa. Hakuna anayesema karibu.

Kisha inakuja nduru ya pili, na ile ya kwanza ilikuwa mzaha. Viti vinaanguka, mtu anamwita mama yake kwa Kiteso, mwingine kwa Kiganda. Chifu mwenyewe anaruka nyuma na kumshika Atyang mkono. Wanabaki hivyo, wameshikana, mpaka kutoka gizani kicheko kinaanza, kinapanda, kinakuwa cha watu mia mbili, na chifu anatambua kwamba yeye ndiye mgeni wa chumba cha nyuma.

Anacheka mpaka anajishika mbavu. Mpishi anacheka, mwiko juu.

Atyang hacheki. Machozi yanamtoka, na hayafuti.

"Ulikuja, mzee," anasema. "Nduru imetoka kwenye sinema yangu, na bado ulikuja mbio."

Chifu anapokea kofia yake kwa mchuuzi aliyeiokota, anaipangusa vumbi. "Nduru ni nduru, Mama Odeke," anasema. "Mtu anakuja kwanza, anauliza baadaye." Kisha, kwa sauti ya chini ili wachuuzi wasisikie, "Jumamosi ijayo niwekee kiti. Karibu na mlango."

Saa kumi na moja watu wanatoka wakipepesa macho juani, wakisimuliana kwa mikono. Bashir anatangaza kwa yeyote anayesikiliza kwamba kuanzia sasa picha za kutisha zitakuwa mbili kila mwezi, na kwamba atanunua spika nyingine isiyo na tundu. Atyang anakataa habari ya spika. Anasema mkoromo wa ile ya kushoto unafaa kazi hii.

Yeye ana mpango mwingine. Chifu amemruhusu kutangaza tena Adungosi siku ya soko, Alhamisi. Pikapu haitaegeshwa nyuma ya vibanda safari hii, itasimama barabarani, mkabala na boma la Mzee Aluka. Ataanza kwa kuomba radhi, kwa sauti ya kawaida. Kisha atagonga ubao.

"Nitasema hodi," anasema, akiukunja waya wa kipaza sauti taratibu kwenye kiwiko. "Soko litaitikia, hiyo najua. Mimi nitanyamaza, nisikilize kama sauti yake imo."