Beberu Aliyemkimbia Mshindi

"Mbuzi humfuata yeyote mwenye pumba."

Ndivyo alivyotuambia mwamuzi mkuu leo mchana, kwenye maonesho ya wakulima hapa Lindi. Haya, tuyapime.

Bwana mmoja wa Nangurukuru alitangazwa mwenye beberu bora. "Nimemlea tangu ananyonya!" akajigamba.

Mara Bi Somoe wa Kipatimu, aliyekuja kuuza mikeka, akaita: "Kirr, kirr! Njoo baba!"

Beberu akachomoka na utepe shingoni, akamburuta mshindi wetu aliyeng'ang'ania kamba hadi kwenye mikeka.

"Nilikuazima awapande mbuzi wako," mama akamwambia. "Mbona hukumrudisha?"

"Bibi, mbuzi ana hati?"

Watu kicheko. Hapo ndipo mwamuzi mkuu alipotoa kauli yake ya pumba, beberu akabaki kwa mshindi. Mimi sikucheka.

Ndoo ya pumba alikuwa nayo nani? Mshindi! Mama alikuwa na sauti tu. Na mbona waamuzi walifunga shughuli haraka hivyo? Mliokuwepo, semeni.

Waamuzi, najua mnanisoma. Kesho mfungueni beberu katikati ya uwanja. Bwana aite na ndoo yake, Bi Somoe aite mikono mitupu. Atakayefuatwa apewe kikombe, na aondoke na beberu wake.