Jani la Sale Kiboriloni

Wanaoniuliza kwa nini mabanda yetu ya fanicha hapa Kiboriloni yamedumu hutegemea nizungumzie mtaji na semina. Mimi huwasimulia habari ya miguu ya makochi.

Pale kila mtu ana kazi yake. Mmoja anapasua mbao, jirani yangu anaunga fremu, mzee mmoja wa Kilema anakereza miguu, na mimi nashona vitambaa na kuvalisha. Kochi likitoka pale limepita mikononi mwetu sote. Ukihitaji msumeno wa mwenzako unauchukua tu, unapaza sauti ajue uko kwako.

Sasa jirani yangu, mtu mzuri ila kichwa kigumu, akanunua mashine yake mwenyewe ya kukereza. Hakumwambia mzee. Mzee aliiona ikishushwa kwenye kigari cha kirikuu, mbele ya macho yake. Hakugomba. Alianza kutia patasi zake kwenye gunia, akasema wiki ikiisha anarudi Kilema kwenye migomba yake.

Niliogopa, sisemi uongo. Miguu aliyokereza jirani ilitoka minene huku, myembamba kule. Kochi lake la kwanza liliegemea upande kama mtu aliyezidisha pombe ya mbege. Wateja walikuja kwetu kwa sababu ya miguu ya mzee. Akiondoka, wangeondoka naye, nami ningemshonea nani? Nilimfokea jirani mpaka sauti ikakauka.

"Mama, sasa nifanyeje?" akaniuliza.

"Unajua kabisa cha kufanya. Acha kujifanya mtu wa Dar."

Kesho yake jirani alikuja kwa mzee amevaa shati la kanisani, ameshika jani la sale kwa mikono miwili. Kwetu Uchaggani, anayekujia na sale anaomba msamaha, na humfukuzi hata akiwa amekuumiza vipi.

"Shikamoo mzee. Nimekosa."

Mzee alilitazama lile jani, limechanwachanwa pale lilipokatwa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Marahaba. Aisee, hata sale hujui kukata, halafu unanunua mashine!"

Akalipokea, akalichomeka juu ya mlango wa banda lake. Kisha akalifungua gunia.

Jioni waliibeba pamoja ile mashine mpya, wakaiingiza bandani kwa mzee. Mimi niliinama chini ya cherehani, nikajifanya natafuta uzi, wasinione ninavyolia.