Mchwa Waliokataa Kukimbia

Juzi greida lililokuwa linachonga barabara ya kuja kwangu Mbwawa lilikata kichuguu katikati, na kuku wangu wa kienyeji wakatimua mbio kama wameitwa kwenye shughuli. Mimi nikatimua mbele yao. Mtu mzima, na kitambi hiki, nimetanua mikono kuwazuia. Dereva akazima mashine, akachungulia dirishani. "Mzee, si mchwa tu hao?" Nikachuchumaa, nikawatazama wale mchwa. Walikuwa wanakimbia huku na huku, wanagongana, wanatafuta pa kujificha. Nikashusha pumzi, nikawaachia kuku wale mpaka wachoke.

Ngoja nikueleze, maana wewe si mgeni kwangu. Shule mimi niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa huruma za watu. Leo nina mabanda manne niliyoyajenga tofali kwa tofali, na wenye digrii zao wanatoka Dar kuja kuniuliza kuku wangu wanakula nini mbona hawanipi hasara. Huwa nawajibu kwa maringo, sikufichi. Lakini elimu yangu yote ya kulisha kuku niliipata kule Mzenga, Kisarawe, sina kiatu mguuni, kwa bibi yangu mzaa mama. Na nusu yake niliipata asubuhi moja tu.

Bibi hakuwahi kununua chakula cha kuku. Maganda ya muhogo aliyaanika juu ya bati mpaka yakawa yanavunjika kama biskuti, ndipo akayatwanga. Mabichi hakuwapa hata siku moja, alisema yana sumu. Pumba aliinusa kwanza, ikinuka uvundo ilikwenda shimoni. Vifaranga sasa, hao walikuwa kazi yangu. Kila jioni nilichukua chungu kibovu, nikakijaza magunzi na makumbi ya nazi, nikakinyunyizia maji, nikakifunika kifudifudi kwenye njia ya mchwa na kukiwekea jiwe juu. Asubuhi ukikifunua, kimejaa. Mpaka leo nawasikia masikioni, wanachakarisha mle ndani kama manyunyu kwenye majani makavu, na ile harufu ya udongo uliolowa.

Nilikuwa nawamimina kwenye ungo, na bibi alisimama mkono kiunoni akiwatazama kabla hajafunua tenga walimolala vifaranga. "Mchwa wa kuliwa lazima akimbie," alikuwa akisema. "Akilala, ujue ana habari yake." Mimi niliona ni mambo ya uzee.

Mwaka mmoja kideri kilipita kijijini, kikafagia kuku nyumba hadi nyumba. Kwetu alibaki mmoja mweusi, aliyekuwa ameatamia chini ya kitanda cha bibi. Akaangua vifaranga kumi na mmoja. Majirani walikuja kuwaona kama wanaokuja kuona mtoto mchanga, na kila mmoja aliomba awekewe japo jike moja apate mbegu. Sabuni yetu, mafuta ya taa, madaftari yangu, vyote vilikuwa vinawasubiri hao kumi na mmoja wakue.

Basi jioni moja mpira wa chandimu ulinoga, nikasahau kutega chungu. Asubuhi sina kitu. Bibi ameshakwenda kisimani, na nikichelewa shule fimbo inanisubiri. Nikawaza haraka, maana ujanja nilizaliwa nao. Nyuma ya nyumba ya mwalimu wetu kulikuwa na kichuguu, nikakikuta kimechimbwa ubavuni, mchwa wamelala pale chungu nzima, wanatikisa miguu tu. Hakuna kutega, hakuna kusubiri. Nikawachota kwa mikono, nikajaza ungo, nikauweka kando ya tenga ili bibi akirudi afungulie. Nikaenda shule najiona profesa.

Kwenye paredi mwalimu akasimama mbele. Alikuwa mtu wa bara, mpole, ila kijiti hakikumtoka mkononi. "Nyuma ya nyumba yangu nimemwaga dawa kwenye kichuguu jana jioni," akasema. "Mchwa wamekula milango yote. Mtoto yeyote asisogee pale."

Rafiki yangu, sikuomba ruhusa. Nilichomoka kwenye mstari nikapita katikati ya watoto, nasikia jina langu linaitwa nyuma, na sikugeuka. Njia nzima naomba Mungu bibi awe amekutana na mtu kisimani wakapiga soga.

Nilipofika, tenga limelala ubavu. Tupu. Uwanja kimya, si mlio wala nini. Na bibi ameinama chini ya mpapai, jembe mkononi, anafukia shimo.

Nikakaa chini palepale. "Bibi, nimewaua."

"Umemuua nani tena?"

"Vifaranga. Mchwa niliwatoa kwa mwalimu. Wana dawa. Chungu sikutega jana, nilikuwa nacheza mpira." Yote yalitoka kwa mkupuo mmoja, na machozi na makamasi.

Bibi akaegemea jembe. "Umenikuta nazika mchwa, mume wangu," akasema. Ndivyo mabibi wa kwetu wanavyotutania wajukuu. "Nilitupa jicho kwenye ungo, nikaona wamelala kama wageni wa harusi. Nikasema hawa hawaliwi hapa." Akaenda, akasukuma mlango wa chumbani. Yule kuku mweusi akatoka anajitingisha, na nyuma yake wakamiminika, wanalia pii pii pii, wananipanda miguuni. Nikawahesabu kwa kidole. Nikawahesabu tena. Kumi na mmoja.

Nilicheka na kulia kwa pamoja, hata sikuona aibu.

"Mikono ulinawa?" bibi akauliza ghafla. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Sikuwa nimenawa, ila bahati yangu sikuwa nimekula kitu. Alinisugua kwa sabuni na majivu mpaka ngozi ikawaka moto. Ungo wake, aliousuka kwa mkono wake, akautia motoni.

Mwalimu akatokea anahema na baiskeli. "Shikamoo mama. Huyu kijana amegusa?"

"Marahaba. Amegusa, na ameshanawa. Lakini mwalimu, dawa unamwaga jana, watu unawatangazia leo?"

Mwalimu akaangalia kijiti chake, akakiweka nyuma ya mgongo. "Nimekosa, mama."

"Karibu muhogo," bibi akamjibu, na yakaisha. Tukala wote watatu, vifaranga wakidonoa makombo miguuni petu. Nimekula kwenye mahoteli makubwa, nakwambia, lakini muhogo kama ule sijauona tena.

Majike ya wale kumi na mmoja yalikwenda nyumba saba. Siku hizi Mzenga ukitafuta chungu cha mchwa utazunguka mpaka jioni. Bibi alishatangulia, mwalimu alirudi kwao, na pale palipokuwa na kichuguu pana nyumba ya mtu yenye geti. Chakula cha kuku kinakuja kwenye mfuko ulioshonwa mdomo, na mfuko haukimbii wala haulali, utaujuaje? Mimi nafumua, nanusa, naingiza mkono mpaka chini kutafuta mabonge ya ukungu, nawapa kuku wachache kwanza. Wafanyakazi wangu wananiona mzee wa wasiwasi. Waache wanione.

Ila jambo moja hawalijui. Kila asubuhi, kabla sijafungua banda la vifaranga, nasimama kwanza mlangoni, mkono kwenye komeo, nasikiliza. Mtu mzima na mali zake, roho inamdunda kama mtoto. Nikisikia pii pii pii, nafungua.